Amri ya uhamisho ina jina moja, tunaohama ni sita: wenye ndoa za jeshini tuje hapa

Mama wa Watatu:

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika nikiwa nimekalia kreti la soda, viti vya plastiki nimeshavipanga na kuvifunga kamba tangu mchana. Mtoto mdogo amelala kwenye mkeka. Nimeona nianzishe uzi huu usiku huu, maana nikifika huko nitakuwa na mengine.

Mume wangu ni askari wa JWTZ. Cheo na kikosi sitaji, na nawaomba watakaochangia nao wasitaje vikosi wala tarehe za safari, haya tunayajua wenyewe. Itoshe kusema tupo Dar es Salaam na tunakwenda Songea. Ni uhamisho wetu wa nne tangu tuoane.

Amri ilitoka Oktoba. Siku hiyo alirudi jioni, akavua buti mlangoni kama kawaida yake, akakaa kimya mpaka nikamwekea chai. Akasema neno moja tu: "Songea." Sikumuuliza Songea kuna nini. Mke wa askari akitajiwa jina la mji mezani, ameshaelewa.

Karatasi yenyewe niliiona kesho yake. Ina namba yake, cheo chake, jina lake, anakotoka na anakokwenda. Jina ni moja. Lakini humu ndani tupo sita. Mkubwa yuko kidato cha tatu, Januari anaingia cha nne. Wa kati yuko darasa la sita. Kitindamimba ana miezi kumi na sita. Mama mkwe anaishi na sisi, ana presha na ana kliniki yake kila mwezi. Na mimi ni fundi cherehani, nina wateja niliowatafuta kwa miaka sita, mmoja mmoja, kuanzia viraka na zipu mpaka sare za shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyetajwa kwenye ile karatasi, na wote tunatakiwa kuitii.

Silalamiki juu ya jeshi. Niliolewa na askari nikijua. Ninachotaka kusema ni kwamba tukikaa na waume zetu kupanga, mara nyingi tunapanga habari za lori na makochi tu. Shule, kliniki, kikoba na kazi ya mama vinakumbukwa gari likiwa tayari getini. Uhamisho wetu wa kutoka Tabora mwaka 2019 ulitufundisha hilo kwa maumivu. Mkubwa wakati huo alikuwa darasa la nne, na jina lake lilikuwa limeshasajiliwa kwa upimaji wa kitaifa pale Tabora. Tulikuja nalo jambo hilo mpaka Dar bila kulijua, tukaambiwa na shule mpya kwamba mtoto atafanyia kule alikosajiliwa. Ikabidi nimrudishe kwa treni, nikamwacha kwa mama yake mdogo mpaka amalize. Alikuwa na miaka kumi. Aliponisindikiza stesheni hakulia, alinishika tu kidole kimoja mpaka treni ikapiga honi.

Sasa nauliza wenzangu: ninyi mnaanzia wapi? Na huyu wa kidato cha tatu, mngekuwa ninyi mngemfanyaje? Nawasilisha.

Bi Harusi Mpya:

Shikamoo dada. Nimeolewa Agosti, mume wangu naye ni wa huko huko. Nimesoma hadi mikono imenitoka jasho, mimi hata kuhama chumba kimoja kwenda kingine sijawahi. Naomba unieleze kidogo kidogo: unabeba nini, unauza nini? Na unajuaje gari zuri? Mume wangu anasema "tutajua siku ikifika" na mimi siwezi kukaa hivyo.

Mama wa Watatu:

Marahaba mdogo wangu. Kaa nikuambie.

Karatasi kwanza, kabla hujagusa sufuria hata moja. Nina mfuko mmoja wa nailoni mgumu, wa zipu, na huo hauingii kwenye lori hata siku moja, nautia kwenye pochi yangu. Humo kuna vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto, barua za uhamisho za shule na daftari la matibabu la mama. Kadi ya kliniki usiidharau. Wangu huyu chanjo ya pili ya surua na rubela inamkuta Songea akifikisha miezi kumi na minane, na kule watataka kuona ya kwanza alichanjwa lini. Mama mkwe nilimpeleka kliniki mapema, nikamwomba daktari amwandikie barua inayoeleza anatumia dawa gani na kwa kiasi gani, na ampe za kutosha mpaka tutakapopata kliniki mpya. Mzee wa presha hatakiwi kukaa hata wiki bila dawa eti kwa sababu tunatafuta nyumba.

Shule: nenda kwa mwalimu mkuu siku ya pili baada ya amri. Uhamisho wa mwanafunzi siku hizi unapita kwenye mfumo, kila mtoto ana namba yake ya utambulisho, ya PREM, na inamfuata. Lakini mfumo haujisukumi, lazima shule anakotoka imwachie na anakokwenda impokee. Wa darasa la saba na wa kidato cha nne husajiliwa mapema mwaka unapoanza, na wakishasajiliwa kumhamisha ni kazi. Kwa hiyo Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ndiyo dirisha lenyewe. Mume wangu ametangulia kuripoti, sisi tumebaki makusudi mpaka watoto wafunge.

Vitu: kabati la vyombo nimeuza. Makochi nimeuza, nitakaa kwenye mkeka mpaka nipate mengine. Friji nabeba, na linasafiri likiwa limesimama wima, likifika lisiwashwe palepale, liachwe litulie. Kitanda cha futi tano kwa sita nabeba. Mkubwa ndiye aliyekifungua. Akatoa soksi ya baba yake iliyobaki moja, akatia nati na boliti zote, akaifunga fundo na kuifungia kwenye ubao wa kichwani kwa kamba ya manila. Tulipohama Tabora boliti zilipotea, tukalala chini wiki tatu. Yeye ndiye aliyekumbuka, sikumwambia mimi.

Gari: ulizia malori yanayokwenda kufuata mzigo huko unakokwenda. Songea ni nchi ya mahindi, baadhi ya magari yanayopandisha kwenda kubeba mahindi huenda na nafasi, na mwenye nafasi hupunguza bei. Hakikisha ana turubai zima, uliangalie kwa macho yako likiwa limekunjuliwa. Desemba mvua zinanyesha, na Njombe utakuta ukungu.

Cherehani langu lile la miguu nalifungua. Naachia kwanza mkanda wa ngozi, nalegeza skrubu mbili za nyuma pale kwenye bawaba, kichwa kinanyanyuka. Nakifuta mafuta, natoa sindano, nakiviringisha kwenye blanketi la mtoto, na hicho napanda nacho basi. Miguu ya chuma na meza vinakwenda na lori, vikivunjika vitachomelewa. Kichwa kikianguka, nimeanguka nacho.

Na siku amri ilipotoka niliacha kupokea vitambaa. Nilikuwa na vitambaa kumi na moja vya watu. Tisa nimeshona, viwili nimerudisha kwa mwenyewe na hela yake. Fundi akihama na kitambaa cha mtu, jina lake linabaki pale linasemwa miaka. Desemba ndiyo msimu wa sare za shule, hela ya mwaka mzima iko hapo, nami mwaka huu nimeuacha ukipita. Hilo halirudishwi na hela ya uhamisho, na nimemwambia mume wangu tuliandike kwenye hesabu yetu kama gharama, sawa na nauli ya lori. Ameandika.

Kikoba: sema mapema kwenye kikundi. Mimi nilikuwa na mkopo, tumekubaliana hisa zangu zikate mkopo, kinachobaki nitatumiwa kwa simu siku wakivunja mzunguko. Tumeandika kwenye daftari, mwenyekiti na mweka hazina wamesaini.

Mtoto wa Kambi:

Mama wa Watatu, mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kota. Nimesoma shule za msingi nne. Naomba nikuambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mama yangu.

Sisi tulikuwa tunaambiwa wiki ya mwisho. Wazazi waliona wanatukinga tusihuzunike mapema. Safari ya kwenda Mwanza niliambiwa Alhamisi, tukaondoka Jumapili. Nilikuwa nimeazima mpira wa rafiki yangu. Sikupata nafasi ya kuurudisha, ulisafiri na sisi, na nilikuwa naogopa kuuchezea kwa sababu sikuwa nimeuomba. Nina miaka thelathini na nne, na mpira ule bado naukumbuka.

Watoto waambieni siku ileile. Watalia, ndiyo, lakini watapata muda wa kurudisha vya watu na kuagana.

Kuhusu kijana wa kidato cha tatu: mwulizeni. Mtoto wa darasa la nne mnaamua ninyi. Huyu wa sasa ana masomo aliyoyachagua, ana walimu wanaomjua, amebakiza mwaka mmoja tu. Mimi nilihamishwa nikiingia cha nne, shule mpya haikuwa na mwalimu wa fizikia, nikaiacha fizikia Machi. Sitaji shule, na simlaumu baba. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Afande Mstaafu:

Nimesoma mchango wa huyo kijana hapo juu nikaona kama anamsema mwanangu.

Mimi ni wa zamani. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 niliondoka mke wangu akiwa na ujauzito wa miezi saba. Mwanangu wa kwanza nilimwona anatambaa. Basi baada ya pale kila uhamisho kwangu ulikuwa jambo dogo, nikawa nasema: si mnakuja na mimi, mnalia nini? Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mimi nikihama nilikuwa naikuta kazi yangu ileile, gwaride lilelile, mesi ileile, na watu wa kuniita kwa cheo changu kuanzia asubuhi ya kwanza. Mke wangu alikuwa anafika pale si kitu kwa mtu yeyote, anaanza kuuliza maji yanatekwa wapi.

Kwa vijana walio kazini: amri haijadiliwi, lakini taarifa husikilizwa. Kama una mtoto wa mtihani au mgonjwa nyumbani, mkubwa wako alijue hilo mapema, mwezi wa tatu au wa nne, usingoje karatasi itoke ndipo uanze kuomba. Wengi hatusemi kwa sababu tunaona ni mambo ya jikoni.

Wa Mariakani:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, mzee wangu ni wa KDF, na kusema kweli mengi mnayosema ndiyo yetu pia. Tulikuwa Gilgil, tukapelekwa Mariakani. Gilgil ni baridi ya kuvaa jaketi Julai yote, Mariakani ni joto na vumbi na maji huja kwa zamu. Nilibeba blanketi saba! Nikafika nikagundua ningebeba mitungi saba. Kwa hivyo dada, kabla hujafunga mizigo tafuta mtu mmoja tu anayeishi huko unakoenda, umwulize mambo mawili: maji na hali ya hewa. Mengine utajionea.

Mtoto wangu alikuwa Gredi ya 6, mwaka wa mtihani wa KPSEA, tukamwacha akamaliza kwanza. Mimi na yeye tulibaki, mzee akatangulia. Miezi mitano. Ni ngumu lakini inapita.

Pole kwa wateja wako. Mimi nilikuwa na kibanda cha mboga, nilimuuzia jirani pamoja na jina lake na wateja wake, akanilipa kidogo kidogo. Hiyo pia ni njia.

Mama wa Watatu:

Asanteni nyote. Mtoto wa Kambi, nimesoma maneno yako kwa sauti, mama mkwe akisikiliza. Kisha nikamwita mkubwa.

Nilimuuliza hivi: "Ungetaka nini?" Akakaa kimya kama baba yake. Akasema, "Mama, nikisema nibaki utaona siwapendi?" Nikamwambia hapana. Akasema anataka kumalizia hapa. Tumeongea na baba mdogo wake anayekaa Mbagala, amekubali kumpokea. Mume wangu nilimpigia simu, naye akataka kuongea na mtoto mwenyewe, wakaongea nusu saa, mimi nikatoka nje. Kwa hiyo karatasi ya jina moja tutaihama watano, na mmoja anabaki. Safari hii amebaki kwa kuulizwa. Mimi ninaona tofauti hiyo, ingawa usiku sijalala vizuri.

Kota tumekabidhi leo. Mkaguzi alipita chumba kwa chumba, akahesabu vioo vya dirisha, bomba, soketi, vitasa. Kioo kimoja kilikuwa na ufa tangu tulipoingia, na kwa kuwa kiliandikwa kwenye karatasi ya kupokelea mwaka 2019, hakikutuhusu. Bi Harusi Mpya, hilo lishike: siku unapoingia kota andika kila ufa.

Kigumu kwangu siyo nyumba, ni majirani. Desemba 2017 mume wangu alikuwa Kongo, kwenye jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, habari za shambulio la kambi ya Semuliki zilipofika. Tulikuwa Tabora. Simu yake ilikuwa haipatikani. Jirani yangu wa mlango wa pili, naye mumewe alikuwa hukohuko, alikuja na godoro lake, akalitandika sebuleni kwangu, watoto wake na wangu wakalala pamoja. Hatukuongea. Kila simu iliyoita pale kota, milango yote ilifunguka. Wa kwetu wawili walikuwa hai. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, na nyumba zao tulizijua. Baada ya usiku kama ule, yule si jirani tena. Mwaka mmoja na nusu baadaye, amri ikatoka, tukaachana stesheni ya Tabora. Bado tunapigiana, sasa yuko Arusha.

Kwa hapa Dar nimemwachia mpapai na tuta langu la mchicha mama wa nyumba ya nyuma. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunapanda basi stendi ya Magufuli. Lori limeshatangulia.

Bi Harusi Mpya:

Safari njema dada, Mungu awatangulie. Nimenunua mfuko wa zipu leo. Na mume wangu nimemsomesha mchango wa Afande Mstaafu, ameniambia Jumatatu atakwenda kuongea na mkubwa wake kuhusu kozi yangu ya uuguzi, nimebakiza mwaka mmoja. Mkifika utuletee mrejesho.

Mama wa Watatu:

Mrejesho, wapendwa. Wiki ya tatu sasa tuko Songea.

Njia ni zaidi ya kilomita mia tisa. Mikumi watoto waliona tembo kando ya barabara, Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu dirishani, mlima wa Kitonga mama mkwe alifumba macho toka mwanzo mpaka mwisho akisali. Kichwa cha cherehani nilikipakata hadi Makambako, hapo kijana mmoja akanipokea. Tukafika usiku, mvua inanyesha.

Kota bado haijapatikana, tumepanga vyumba viwili uraiani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, tumeelewana mitatu. Wa kati ameshapokelewa shule, namba yake imesoma kwenye mfumo, jina lake litasajiliwa hapahapa. Mama amepata kliniki. Kitu ambacho sikukitarajia: watu hapa hawakuniuliza mume wangu ni nani, waliniuliza kama nina shamba. Ni msimu wa kupanda, na jirani alipoona sina, akanipimia kipande kando ya lake, akanipa na mbegu. Sijawahi kulima mahindi maishani mwangu. Jana nimepanda.

Cherehani nimelifunga, limeitika vizuri. Mteja wa kwanza alileta sketi ya shule ya kupunguza kiuno.

Kitanda ndicho kilichotusumbua. Soksi ilifika salama, fundo lile lile, lakini tulipohesabu nati zilikuwa saba, na kitanda kinataka nane. Mume wangu akasema tuifunge kwa waya. Nikampigia mkubwa Mbagala, saa tatu usiku, akiwa anasoma.

"Ile moja ilikuwa imelika kidogo," akasema, "nikaogopa isichanganyike na nzima. Angalia kwenye droo ya cherehani, kwenye kopo la vifungo."

Ilikuwemo.